Presha, kitambi na njia ya Tunduma: dereva anauliza aanzie wapi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu mwenye umri wa miaka 46, na kwa karibu miaka ishirini nimekuwa nikichukua mizigo bandarini Dar es Salaam na kuipeleka Lubumbashi na Kolwezi kwa njia ya Tunduma. Familia yangu inaishi Kibaha, na mama yangu mzazi yuko Muleba, mkoani Kagera, nilikozaliwa. Ninakuandikia kwa sababu nimeuchoka mwili huu, na kila nilipojaribu kuurekebisha nimeishia pabaya zaidi ya pale nilipoanzia.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni ya kukaa. Mizani ya Vigwaza naipita nimekaa, Mikumi naipita nimekaa, mlima Kitonga naupanda nimekaa, na nikishuka garini ni kwa ajili ya kula. Alfajiri ni supu na chapati nne, mchana ni chipsi mayai ninazokula huku naendesha, usiku ni nyama choma na ugali na chumvi pembeni ya sahani. Tukikuta foleni ndefu Tunduma tunaweza kukaa siku kadhaa, na humo kwenye foleni hakuna la kufanya ila bia na maongezi. Ili nisisinzie usiku hunywa chupa mbili tatu za vinywaji vya kuongeza nguvu, na mchana ni soda kwa sababu ya joto. Sigara niliacha mwaka aliozaliwa mtoto wangu wa mwisho, na sijairudia.

Hivi karibuni mwajiri alitupeleka kupimwa afya. Nilikutwa na uzito wa kilo 108 kwa urefu wa sentimita 170, kiuno sentimita 118, presha 158 kwa 98, na sukari kabla ya kula 6.6. Daktari alisema presha ninayo tayari, na kwamba kisukari bado hakijaingia ila kiko mlangoni. Nilipewa vidonge vya presha, lakini vinanikojoza sana, na barabara yetu si ya kusimamasimama ovyo, kwa hiyo siku za safari huwa sivinywi.

Kujaribu nimejaribu. Nililipia jimu ya jirani kwa miezi mitatu, na mwalimu, kijana mwembamba sana, akaniingiza siku ya kwanza kwenye kuruka na kukimbia pamoja na wenzangu waliozoea. Wiki ya pili goti likavimba na sikurudi tena. Kisha nikanunua majani ya chai ya kupunguza tumbo kwa mchuuzi wa stendi, yakaniharisha njia nzima. Hatimaye niliacha kabisa kula mchana, nikapungua kilo sita, ambazo zimesharudi zote na nyongeza.

Zile kilo sita ndizo zilizonifungulia matatizo mengine. Nilipokwenda Muleba, mama aliniangalia shingoni, akanishika mkono, kisha akaanza kulia. Alisema mwanawe anaisha na watu wanamficha. Madereva wenzangu waliniuliza kwa mzaha kama "nimeungua", yaani kama nina UKIMWI. Nyumbani, mke wangu aliniuliza ninajipunguza kwa ajili ya nani. Yeye huniwekea sahani iliyojaa kila ninaporudi, na nikibakiza anaona nimemdharau. Siku hizi analala chumba cha watoto, anasema kukoroma kwangu kunatikisa nyumba. Mimi mwenyewe naamka nimechoka kana kwamba sikulala, na zaidi ya mara moja mwaka huu utingo amenigutua usukani ukiwa unaniponyoka. Lakini linaloniumiza hasa ni kwamba amenitenga kwa kunishuku.

Binti yangu yuko sekondari na ni mkimbiaji. Anataka twende naye Moshi mwezi Februari, kwenye Kilimanjaro Marathon, na ameniambia nichague umbali.

Naomba unieleze: mtu wa kazi kama yangu anaanzia wapi? Ni lazima niache nyama na bia? Nikipungua, nitaachana na dawa? Na niwajibu nini mama na mke wangu?

Dereva wa Kibaha

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako umeijaza habari za kitambi, na jambo zito kuliko kitambi umelipitisha katikati ya malalamiko ya ndoa: unakoroma kiasi cha mtu kuhama chumba, unaamka umechoka, na usukani umekuponyoka zaidi ya mara moja. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya presha na kisukari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na wanaume wenye shingo nene waliokuja wakiwa na mambo hayo matatu kwa pamoja tulikuwa hatuwaanzishii mazungumzo ya chapati kwanza. Nitaanzia hapo, na ya chapati tutayafikia.

Mtu mnene anapolala, misuli ya koo hulegea kama ya mtu mwingine yeyote, lakini mafuta yaliyoizunguka njia ya hewa huibana hadi ikajifunga. Pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, oksijeni hushuka, ubongo hushtuka na kumwamsha nusu nusu ili avute hewa, kisha anazama tena usingizini bila kukumbuka lolote. Kwa aliyezidiwa, hali hiyo hujirudia mara nyingi ndani ya saa moja, usiku kucha, na asubuhi anaamka akidhani amelala saa nane wakati kwa kweli hakulala. Hali hii pia hupandisha presha na kuifanya iwe sugu kwa dawa. Wewe huwezi kujijua kama unayo. Shahidi ni mkeo, kwa hiyo muulize kwa upole kama amewahi kusikia mkoromo ukikatika ghafla, pakawa kimya, kisha ukagutuka kama mtu aliyeibuka majini. Akisema ndiyo, nenda naye hospitali ya rufaa mkamwone daktari wa mapafu au wa masikio, pua na koo, na umwache yeye aeleze.

Mpaka hapo utakapoonwa, usiendeshe usiku, na mchana ukihisi macho mazito egesha mahali salama ulale. Najua unachoogopa: ukimwambia msimamizi wa magari kwamba unasinzia, gari atapewa mwingine. Unaweza kuomba ruhusa ya matibabu ya presha, ambayo kampuni yenyewe ndiyo iliyoigundua, na hutakuwa umedanganya. Ila lori lenye mzigo likiacha njia pale Kitonga halimwui dereva peke yake, na kwa sababu hiyo sitakubembeleza katika hili. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinakuficha uchovu bila kuuondoa, na bia za jioni zinalegeza koo zaidi na kuzidisha tatizo. Kulala kwa ubavu husaidia kiasi, kupungua uzito husaidia sana, na kwa wanaohitaji ipo mashine inayosukuma hewa puani wakati wa usingizi.

La pili ni vidonge. Presha ya 158 kwa 98 iko juu ya mpaka wa 140 kwa 90 ambao madaktari huutumia, na kidonge kinachonywewa ukiwa nyumbani na kuachwa safarini hakikulindi, kwa kuwa maisha yako mengi ni ya safarini. Hukufanya uhalifu kukiona kinakusumbua. Kosa ni kunyamaza. Zipo aina nyingine za dawa za presha zisizokojoza, na hata hiyo uliyopewa daktari anaweza kukubadilishia saa ya kuinywa. Mwambie kazi yako na njia yako, mtajie na dakika unazoweza kusimama, naye atajua la kufanya. Kuhusu kuachana na dawa, wapo waliopunguziwa dozi na hata kuachishwa baada ya kupungua na kuanza kufanya mazoezi, lakini uamuzi huo hutolewa na daktari mwenye vipimo mkononi. Kwa wastani, kila kilo moja inayopungua hushusha presha kwa takriban pointi moja; kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe, uone kwamba kilo nne tano hazitoshi kukutoa kwenye dawa ila zinatosha kabisa kumfurahisha daktari.

Sasa tuje kwenye kukaa. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti uliowalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi lilelile, kwa saa zilezile, lakini dereva alishinda amekaa wakati kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi za basi kukusanya nauli, na ikaonekana kwamba makondakta walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Watu wakauliza, je, si kwamba waliochaguliwa kuwa madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris akatafuta vipimo vya suruali za sare zao, na kweli akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hata alipowalinganisha watu wa kiuno kilekile, wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, makondakta bado walikuwa na nafuu. Nimekueleza habari hii kwa kirefu kwa sababu inakuhusu mara mbili. Kwanza, mtu anayeshuka kuangalia matairi, kukaza kamba za turubai na kupanda juu ya mzigo ni utingo wako, nawe umemwachia kazi yote iliyokuwa dawa yako. Pili, mwili unaotembea hufaidika hata kabla mizani haijasema lolote, na mtu aliyewahi kukata tamaa kwa sababu ya mizani anahitaji kulijua hilo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 150 ukizigawa katika siku tano ni nusu saa kwa siku, na nusu saa hiyo unaweza kuivunja vipande vitatu vya dakika kumi. Mazoezi ya wastani maana yake ni kutembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Utaniambia huwezi kuliacha gari kwenye foleni uende kutembea, kwani ukirudi utakuta mafuta yamenyonywa na tairi la akiba halipo. Usiliache. Lori lenye tela lina urefu wa karibu mita 17, kwa hiyo kulizunguka mara moja ni mita 40 hivi, na mizunguko 25 ni kilomita moja. Lizunguke asubuhi kabla ya kuwasha injini, lizunguke mchana na jioni, nawe utakuwa umelinda mzigo vizuri kuliko aliyelala kebini. Wenzako watacheka siku mbili za mwanzo. Siku za foleni ndefu Tunduma, ambazo mmezifanya kuwa siku za bia, kwako ziwe ndizo siku za mazoezi, kwa kuwa ndizo pekee ambazo una muda na huna haraka.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu, na kwa goti lako nafurahi kwamba jimu umeiacha, angalau ile. Mwalimu anayempokea mtu wa kilo 108 na kumrusha siku ya kwanza hajui kazi yake. Tafuta kreti au kiti kigumu, kaa, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole; fanya mara kumi, pumzika, urudie. Simama mbele ya lori, weka viganja kwenye bampa na upige pushapu ukiwa umeinama hivyo, kwani za chini kabisa zitakuja baadaye. Panda ngazi ya kebini na kushuka, mguu mmoja baada ya mwingine. Usibane pumzi wakati wa kusukuma, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha kwa ghafla. Misuli itakuuma kesho yake na keshokutwa, na hayo ni maumivu ya kawaida. Ila kifua kikibana, maumivu yakienda kwenye mkono au taya, kichwa kikizunguka au pumzi ikikuishia kuliko kawaida, acha papo hapo na utafute hospitali. Vilevile, presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kumwona daktari. Nunua kifaa cha kupimia presha, kile cha kufunga mkononi juu ya kiwiko, ukae nacho kwenye gari.

Katika chakula, sitakuondolea nyama. Nitakuondolea kwanza vitu vya chupa, maana huko ndiko sukari nyingi iliko na ndiko kuacha kunakoumiza kidogo zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa hivi. Chai yenye vijiko tisa ungemrudishia mama lishe. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari pia, pamoja na kafeini isiyomfaa mtu wa presha asiyelala vizuri. Beba dumu la maji, na madafu au chungwa ukitamani kitu. Bia sikutegemei uziache siku moja, lakini zisizidi mbili, zisiwe za kila siku, na kamwe zisiwe za usiku wa kuamkia safari.

Sahani yako igawe hivi: nusu iwe mboga, robo iwe ugali au wali, robo nyingine iwe nyama, samaki au maharage. Mama lishe wa barabarani anaweza kukupatia hilo kwa bei ileile ukimwambia mapema, "Nipunguzie ugali, niongezee matembele," na ukirudi safari inayofuata atakuwa amekukariri. Chapati nne za alfajiri ziwe moja, na supu ibaki, isipokuwa chumvi usiiongeze mezani. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na ile chumvi ya pembeni ya nyama choma inakimaliza peke yake. Ilula wanakuuzia nyanya dirishani, na kuanzia Makambako hadi Mbeya parachichi ni nyingi, kwa hiyo usiniambie barabara yako haina chakula ila chipsi. Na kula ukiwa umesimamisha gari. Anayekula akiendesha hajui amekula kiasi gani, tena anaendesha kwa mkono mmoja. Mchana usiuruke, kwa maana umeshaona mwenyewe yanayofuata usiku wake. Majani ya stendi usiyarudie: mengi ya hayo huharisha tu, unapoteza maji na chumvichumvi za mwili, mizani inashuka kwa siku mbili, na mafuta ya tumboni yako palepale.

Huhitaji kufikia kilo 70 ndipo upone. Marekani waliwahi kuwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini bado haijafikia kisukari, kama yako ya 6.6, kwa kuwa kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, waliupunguza kwa asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Asilimia 7 ya kilo zako ni kilo saba na nusu. Zipunguze kwa nusu kilo kwa wiki, na hata safari ikivuruga wiki mbili tatu, ndani ya miezi sita utakuwa umezimaliza. Kiuno kipime kwa futi kamba mara moja kwa mwezi. Mwanamume akivuka sentimita 94 huanza kuhesabiwa katika hatari, nawe una 118, kwa hiyo una njia ndefu ambayo kila sentimita yake ina faida.

Kuhusu mkeo, mwanangu, mwone kwa upande wake. Mume anakaa safarini wiki kwa wiki, anarudi, anakataa chakula, anahesabu kilo, hasemi kwa nini. Wewe ungewaza nini? Hujaniandikia popote kwamba umemwonyesha majibu ya vipimo. Karatasi ile mpe aisome, umweleze ulivyoogopa ulipoambiwa, kisha nendeni wote kliniki, kwa sababu habari ya usingizi yeye ndiye anayeijua. Sahani iliyojaa ni namna yake ya kukukaribisha nyumbani, na si vema kuisukuma pembeni bila neno. Mwombe mle sinia moja, na umwombe yeye ndiye apange mboga. Jioni unapokuwa nyumbani tembeeni pamoja mpaka barabarani na kurudi. Mwanamke anayetembea na mumewe jioni hamshuku kwa sababu ya kitambi kilichopungua, na naye pengine presha yake haijapimwa tangu alipojifungua.

Mama yako ni habari nyingine, na naomba usimcheke wala usimkemee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na mwanamke wa Muleba wa umri wake amezika ndugu, majirani na pengine watoto wa dada zake waliopungua mbele ya macho yake wakati hakuna dawa yoyote. Kwake shingo iliyokonda haiwezi kuwa habari njema, hata umwambie nini kwa simu. Ndiyo maana nataka upungue polepole, huku nguvu zikiongezeka, na uende umwone mara kwa mara ili asikukute umebadilika kwa ghafla. Ukifika Muleba, mwombe akupikie ndizi na maharage na samaki wa ziwani, ule mbele yake kwa hamu, kisha shika jembe umlimie kijisehemu cha shamba la migomba na kahawa mpaka utoke jasho. Mwambie pia waziwazi kwamba daktari amekukuta na presha na amekuagiza upungue. Neno la daktari lina uzito kwake kuliko lako. Kama hofu yake bado ipo, pima na virusi, umpe majibu. Hakuna aibu katika hilo, na mtu mzima anapaswa kujua hali yake hata asipoulizwa.

Hao wa foleni wanaouliza kama umeungua huna haja ya kuwajibu kirefu. Waambie presha yako ilisoma ngapi, kisha waulize yao inasoma ngapi, na utakuta wengi hawajawahi kupima. Kifaa utakuwa nacho garini.

Moshi nenda. Mbio zile, zinazofanyika tangu mwaka 2003, zina umbali wa kilomita 42, kilomita 21 na kilomita 5 za kujifurahisha. Jiandikishe kilomita 5, uzitembee zote, na umwache binti akimbie zake kama atataka kukutangulia. Nusu marathoni usiifikirie mwaka huu. Kabla hujalipa ada, uwe umeshaonwa kuhusu usingizi na dawa umeshabadilishiwa, na goti likiuma katika mizunguko ya lori, mwonyeshe daktari siku hiyohiyo ya kliniki.